Msusi akihama saluni, nambari za wateja ni za nani?

Kwa karibu miaka mitatu nywele zangu zilikuwa zinasukwa na mtu mmoja. Nilikuwa nafika Jumamosi asubuhi, naketi, na sina haja ya kueleza kitu. Msusi wangu alijua natumia rangi 1B, pakiti tano, na kwamba akivuta sana nywele za mbele nitalala na kichwa kinauma. Juzi nilifika nikakuta mtu mwingine amesimama nyuma ya kiti chake.

"Alihama, dada," wa mapokezi akaniambia. "Lakini karibu, huyu pia ana mkono mwepesi."

Nikauliza alihamia wapi. Hajui. Na nambari yake ya simu? Hawezi kunipa. Nikaenda zangu. Siku mbili baadaye nikapata ujumbe kutoka saluni hiyo hiyo, umeniita kwa jina, unanitangazia ofa ya mwisho wa mwezi. Kumbuka sikuwahi kuipa saluni nambari yangu. Nilimpa msusi ili anikumbushe siku yangu ikifika, naye akaiandika kwenye daftari la mapokezi kwa sababu miadi yote iliandikwa hapo.

Nilipompata kupitia rafiki, alinieleza upande wake. Alikuwa anakodi kiti, analipa kila wiki, na vitana na mafuta alikuwa ananunua mwenyewe. Lakini wateja wake wote walikuwa kwenye daftari la saluni, na malipo yote yaliingia kwa Till ya mwenye saluni. Siku ya kuondoka aliomba kunakili nambari za watu wake. Akajibiwa, "Hao ni wateja wa saluni." Alitoka na mkoba wa vifaa tu.

Ikiwa unasuka, unapaka kucha, unanyoa, unachora hina au unapaka watu vipodozi, na umejiajiri, hii stori inakuhusu. Na kama wewe ni mteja, inakuhusu pia.

Wateja si viti

Jibu fupi: nambari za wateja haziko kama draya au kioo, kwamba aliyenunua ndiye mwenyewe. Nambari, jina na yale yote yaliyoandikwa kuhusu mteja ni habari zake. Wewe na mwenye saluni mnazitunza tu, na mnaweza kuzitumia kwa ile kazi aliyowapea.

Hii haikutoka hewani. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya faragha. Kisha ikaja Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, inayosema habari za mtu zikusanywe kwa sababu inayojulikana, na zisitumiwe kwa jambo lingine lisiloendana na sababu hiyo. Na haizungumzii kompyuta pekee. Daftari ambalo umelipanga ili upate habari za mteja kwa jina lake linaweza kuingia humo.

Kwa hivyo swali si "nani anamiliki wateja?" Swali ni: mteja alimpa nani nambari, kwa sababu gani, na nani anaamua itumiwe vipi?

Umeajiriwa au umekodi kiti?

Hapa ndipo wengi huchanganyikiwa, kwa sababu watu wawili wanaweza kusimama bega kwa bega, mmoja ameajiriwa na mwingine anakodi.

Ukiwa umeajiriwa na saluni, inakulipa mshahara au komisheni na ndiyo inayopanga miadi, basi kwa kawaida saluni ndiyo inayoamua habari za wateja zitumiwe vipi. Kupiga picha daftari lake usiku wa kuamkia siku ya kuondoka kunaweza kukuletea shida kubwa, hata kama mikono iliyosuka vichwa hivyo vyote ni yako.

Ukiwa umekodi kiti, unapanga bei yako, unajitafutia wateja na wanakupigia wewe, basi wewe ndiwe unayeamua. Lakini hapo pia jukumu la kuzitunza habari hizo ni lako. Huwezi kusema "mimi ni msusi tu."

Shida huja mahali katikati: umekodi kiti, lakini miadi inapitia simu ya saluni na pesa zinapitia Till ya saluni. Kwa maneno umejiajiri, ila rekodi zote zinasema vingine. Ndiyo hali iliyomkuta msusi wangu.

Malipo yako ni historia yako

Mteja akilipa kwa Till ya mwenye saluni, rekodi ya kazi yako inaandikwa kwa jina la mtu mwingine. Siku ukitaka mkopo wa kufungua kibanda chako, huna stetimenti ya kuonyesha kwamba umekuwa ukiingiza pesa. Kukitokea ubishi wa kodi ya kiti au komisheni, ni neno lako dhidi ya lake.

Ukiwa na nambari yako ya malipo ya biashara, kila mteja anayelipa anaacha alama ya kazi yako. Ni vizuri pia iwe kando na laini yako binafsi, ili pesa za saluni zisichanganyike na za chama na za nyumbani. Ukihama, historia hiyo inahama na wewe.

Lakini kuna mtego. Kulingana na huduma unayotumia, ujumbe wa malipo unaweza kukuonyesha jina la aliyelipa na nambari yake, au sehemu yake. Mtu kukulipa si ruhusa ya kumtumia matangazo. Alikupa pesa, hakukupa idhini. Sheria inataka mtu akubali kwanza kabla ya habari zake kutumiwa kibiashara, na ukimtumia matangazo, awe na njia rahisi ya kusema "acha".

Tena, aliyelipa si lazima awe aliyesukwa. Mama analipiwa na mtoto wake, dada analipa kwa simu ya mumewe. Sasa wewe unatuma kwa nambari iliyolipa: "Hi mrembo, wiki sita zimeisha, karibu ufumue." Ujumbe unaingia kwenye simu ya mtu ambaye pengine hakuambiwa hizo nywele zilikuwa za pesa ngapi, au siku hiyo mkewe alikuwa wapi. Umeleta vita nyumba ya watu bila kujua. Tuma tu kwa nambari ambayo mteja mwenyewe alikupa kwa kazi hiyo.

Yale tunayosema tukiwa kitini

Kusukwa kunachukua saa nyingi, na watu huongea. Mteja atakuambia ana mimba ya miezi miwili ili usimpake dawa kali. Mwingine atakuonyesha kipara kinachoanza, au akueleze kwamba ametengana na mumewe.

Sheria inazitaja habari za afya, hali ya ndoa na familia kama habari nyeti, zinazohitaji ulinzi zaidi. Andika tu kinachohitajika kwa kazi. "Gundi inamwasha" inatosha. Sababu ya yeye kuamua kukata nywele zote haihitajiki kwenye daftari, na haihitajiki kwa mteja anayefuata.

Picha nazo ni habari za mtu. Mwezi wa Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, yaani ODPC, iliipiga baa moja ya Nairobi faini ya Sh1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake. Uliza kabla ya kupiga, na uliza tena kabla ya kupandisha Instagram au kuweka statasi. Akiwa mtoto, muulize mzazi. Na mtu akikubali picha ya kisogo, hajakubali ya uso.

"Lakini biashara yangu ni ndogo"

Ni kweli kuna nafuu. Chini ya kanuni za 2021, biashara nyingi zenye mauzo ya chini ya Sh5 milioni kwa mwaka na wafanyakazi wasiofika 10 hazilazimiki kujisajili kwa ODPC. Lakini kutosajiliwa si kuachiliwa kutoka kwa sheria yenyewe. Mteja bado ana haki ya kuuliza una habari gani zake, kukuomba urekebishe, na kukuomba ufute. Asiporidhika anaweza kulalamika kwa ODPC.

Akisema ufute, futa nambari, picha na maelezo ya nywele. Rekodi za malipo ni tofauti: sheria ya taratibu za ushuru inataka rekodi za biashara zitunzwe miaka 5. Mweleze hivyo waziwazi, na usizitumie kwa kitu kingine.

Ongeeni kabla hujalipa kodi ya kiti

Mambo haya ni rahisi kuyapanga siku ya kwanza, mkiwa bado mnacheka. Siku ya kuachana kila mtu ana hasira. Muulize mwenye saluni, kisha muandike hata karatasi moja na muweke sahihi:

1. Mteja akinipigia mimi, miadi inaandikwa wapi?
2. Mteja akiingia kutoka barabarani akaletwa kwa kiti changu, nani anaweka nambari yake?
3. Malipo yanaingia kwa Till ya nani? Kama ni yako, nitapata rekodi ya kazi yangu kila wiki?
4. Nikihama, ninaweza kuwaambia wateja walionipa nambari zao? Na mteja akija kuniuliza, ataambiwa nini?
5. Nambari zitakazobaki kwenye daftari zitafanyiwa nini?

Hilo la nne msilipuuze. Wa mapokezi hakukosea kukataa kunipa nambari ya msusi. Hiyo ni faragha yake pia. Lakini kama angekuwa ameacha ruhusa, au kikaratasi tu mapokezi, nisingemtafuta wiki tatu.

Kwa upande wako, linda simu yako. Weka nywila kwenye simu na PIN tofauti kwenye laini. Usimwachie mteja simu iliyofunguliwa achague mitindo huku jumbe za wenzake zinaingia. Na PIN yako ya malipo usimpe mtu yeyote, hata yule mnayegawana kiti.

Nilisukwa tena Jumamosi iliyopita, kwenye chumba kidogo alichokodi. Alipomaliza, nikalipa kwa Till yake mpya. Kisha akatoa simu, akaniuliza, "Naweza kuweka nambari yako hapa, nikukumbushe ukifika wakati wa kufumua? Na ukitaka niitoe, unaniambia tu."

Miaka mitatu, na hiyo ndiyo mara ya kwanza mtu kuniuliza. Nikamwambia aweke.