Kokwa Kumi za Ukwaju

Nilikuwa na miaka tisa siku niliyomwona mama ameshika shilingi 50,000. Tuliishi Tanga, chumba kimoja cha kupanga, Ngamiani. Baba alikuwa kibarua kwenye shamba la mkonge, akija nyumbani mwisho wa mwezi. Mama alikaanga vitumbua. Jumapili hiyo alikuja kijumbe wa upatu, akaketi mkekani, akamhesabia mama noti moja moja, akaaga. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, nachungulia.

Asubuhi nikamwendea. "Mama, viatu vyangu vimetoboka. Nataka vipya."

"Sina hela, mwanangu."

Nyinyi mngefikiri nini? Mimi nilifikiri mama ni mwongo. Siku mbili sikumsemesha. Akinituma nakwenda, lakini neno halinitoki. Usiku nikajitungia mengine: labda hela kampa mtu, labda amenichoka. Hakuna aliyeniambia kitu, nami nikayaamini ya kichwani mwangu.

Siku ya tatu akaniita. Alikuwa anamenya ukwaju. Akachagua kokwa kumi, akazifuta kwa ncha ya kanga, akazipanga mbele yangu.

"Kila kokwa ni shilingi 5,000. Tuko wanawake kumi. Kila Jumapili kila mmoja anatoa kokwa moja, zote anapewa mmoja wetu. Safari hii nimeanza kupokea mimi. Haya niambie, katika hizi kumi, yangu ni ipi?"

Nikazitazama. Nikasogeza moja.

"Na hizo tisa?"

"Za wenzako, mama."

"Nitazirudisha Jumapili tisa zijazo, moja moja. Nikikosa hata mara moja, kuna mama mwenzangu atapungukiwa."

Ndivyo upatu unavyokwenda, watoto wangu. Anayepokea mwanzo amekopeshwa na wenzake. Anayepokea mwisho alikuwa anaweka akiba. Hakuna riba, na dhamana yako ni neno lako tu.

Nikauliza hela zenyewe ziko wapi. Mwenye nyumba alitaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, 8,000 kwa mwezi. Nikapiga hesabu kwa kidole juu ya vumbi: 48,000. Zile 2,000 zilizobaki zilikuwa mchele na nazi za vitumbua vya kesho. Kisha mama akaniambia nisilolijua, ingawa vitumbua hivyo nilivila kila siku: akishatoa mchele, nazi, mafuta na mkaa, kila kitumbua humwachia kama shilingi 10. Kwa hiyo kokwa moja ni vitumbua 500. Nikaviona vyote, sinia baada ya sinia, na macho ya mama yalivyokuwa mekundu kwa moshi wa alfajiri. Viatu vyangu vikaenda kwa fundi, vikatiwa kiraka.

Baba aliporudi hakupendezwa. "Mambo ya wakubwa haya, mtoto anaambiwa ya nini?" Simlaumu; alitaka nilale bila wasiwasi. Lakini nilikuwa nimeshalala nao siku mbili. Mama akamjibu taratibu: "Baba nanihii, simwambii alipe. Namwambia ajue."

Kwenu nyinyi jambo hili ni gumu zaidi. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, ikaingia Tanzania mwaka 2008, na tangu hapo fedha za nyumba nyingi hazihesabiwi tena mkekani. Mtoto anamwona mama anabonyeza simu, umeme unarudi, anadhani simu haiishiwi. Basi ulizeni. Si mbele ya mgeni, wala si saa ambayo mtu ametoka kudaiwa. Na msiulize "Kwa nini hatuna?" Ulizeni "Mama, hii iliyopo imepangiwa nini?" Mkiambiwa, yaishie humo humo ndani; hesabu za nyumbani hazipelekwi kwa majirani.

Jioni ile ya kokwa, nami nilikuwa na langu nililolificha. Nikamwambia mama nadaiwa shilingi 150 na muuza kashata wa shuleni. Nilidhani atanigombeza. Akaokota kipande cha ganda la ukwaju, akakiweka pembeni ya zile kumi.

"Hili ni lako," akasema. "Haya, tutalilipaje?"