Wazimu Hauandiki Riwaya

Swali nililoulizwa tena juzi na mwalimu mmoja hapa Bunia, nalo nimekwisha kulisikia mara nyingi hata subira imenipungua, ni hili: je, mtunzi mwenye maradhi ya akili akitibiwa, kipaji chake hakitapotea? Ushahidi ninaoletewa aghalabu ni ule wa mwandishi Bessie Head, aliyezaliwa Pietermaritzburg mwaka 1937 katika hospitali ya wagonjwa wa akili alimolazwa mama yake, akahamia Serowe, Botswana, mwaka 1964, na mwaka 1973 akatoa riwaya ya *A Question of Power*, ambamo mhusika mkuu, Elizabeth, huteswa usiku baada ya usiku na sauti na sura zisizoonekana na mwingine. Wazimu, husema wao, ndio uliomtungia.

Haukumtungia. Mwaka 1971, katika ukali wa maradhi yake, Bessie Head aliandika karatasi akaibandika katika posta ya Serowe, akimtuhumu Rais Seretse Khama makosa mazito bila ya ithibati yoyote, na matokeo yake yakawa kupelekwa hospitali ya akili ya Lobatse, alikokaa miezi kadhaa. Naam, hiyo karatasi ndiyo iliyotungwa na maradhi. Riwaya aliiandika baadaye, alipokwisha kutoka, akiwa na fahamu za kutosha kuchagua, kupanga na kufuta. Na anayetaka yakini na avilinganishe viwili hivyo. Katika riwaya Elizabeth naye hubandika karatasi posta, lakini mtuhumiwa si rais tena, bali ni Sello, ambaye ni mtu wa kijijini na papo hapo ni njozi ya kichwani mwake. Na mgonjwa mwenyewe amepewa jina jingine, akasimuliwa kwa nafsi ya tatu, kana kwamba mtunzi amesimama kando akimtazama. Anayezama hapimi kina cha maji. Maradhi yalimpa Bessie Head mambo ya kusimulia, sikatai, lakini umbo la masimulizi lilitoka kwa akili iliyorejea. Nami huwashangaa wasomaji wanaozikimbilia kurasa za mashetani, wakaziruka zile za bustani ya ushirika ambamo Elizabeth na mwenzake Kenosi hupanda mboga, ilhali bustani ya namna hiyo Bessie Head aliilima kweli hapo Serowe, na katika riwaya ndiyo inayomrudisha Elizabeth duniani kila kunapokucha.

Kwa asiyetosheka na mfano mmoja, tabibu wa Denmark, Mogens Schou, aliwauliza wasanii 24 waliokuwa wakitumia lithiamu, dawa ya maradhi ya akili, akatangaza majibu mwaka 1979: 12 walisema kazi yao imeongezeka, 6 haikubadilika, na 6 ilipungua. Hao sita wa mwisho siwafichi. Dawa nyingine nazo, kama haloperidoli, zikitolewa kwa kipimo kikubwa hukakamaza mikono na kutia usingizi, na mtu wa namna hiyo kalamu humshinda kweli. Lakini tiba ya kipimo kikubwa ni kukipunguza, wala si kumpeleka mgonjwa katika chumba cha maombi akafungwe minyororo, akanyimwe chakula kwa kisingizio cha saumu, na vidonge vyake vikatupwe chooni, kisha arudishwe kwetu tunaotibu baada ya majuma machache hali yake ikiwa mbaya kuliko mwanzo. Asali inayouzwa njiani kwa jina la dawa ya kichwa sitaijadili.

La kufanya ni hili. Mgonjwa apelekwe kituo cha afya mapema, apimwe kwanza malaria, kwani homa kali nayo huvuruga akili. Dawa isikatizwe ghafula. Inapomlemea, tabibu aambiwe. Alale usiku, aache pombe. Akitaja kujiua, asiachwe peke yake hata saa moja. Asali na maombi, atakaye na aviongeze juu ya dawa, asivitie mahali pake. Aandike apendavyo, ila asibandike wala asichapishe neno mpaka atulie, na daftari zake ndugu mmoja mwaminifu azitunze, asikubali zichomwe moto kwa amri ya mchungaji wala ya mjomba.