SIMBA WA TSAVO MBELE YA MACHO MAWILI

Mzazi wa Musinzira, Gitega, aweza kuwaonyesha watoto siri hii jioni. Wainue kidole mbele ya pua, wafumbe jicho moja, kisha wabadilishe: kidole kitaonekana kuhama. Kila jicho huona kwa upande wake, na ubongo huziunganisha picha hizo mbili.

Siri hiyo ndiyo iliyotumiwa Marekani na Milton Gunzburg, ndugu yake Julian, daktari wa macho, na mpiga picha Friend Baker. Waliunganisha kamera mbili, na kampuni ya Polaroid ikatoa miwani ya watazamaji. Studio kubwa zilisita. Arch Oboler akathubutu. Mwaka 1952 filamu yake, Bwana Devil, ilionyeshwa, na simba wakaonekana kuwarukia watu vitini. Mwaka uliofuata Warner nao wakaikimbilia njia ileile.

Kisa chenyewe ni cha kwetu Afrika Mashariki: simba wawili waliowala wajenzi wa reli huko Tsavo, Kenya, mwaka 1898. Lakini filamu, ajabu iliyoje, ilipigwa zaidi California! Mhandisi Patterson, aliyewaua simba hao, alitaja watu 135 walioliwa. Watafiti mwaka 2009 walikadiria 35 hivi. Simba wenyewe wangali katika makumbusho ya Chicago.