Je, Wajua? Sheria Ndiyo Inayochagua Unabeti na Nani

Je, wajua kwamba anayetaka kujenga duka Endulen, ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro, anahitaji kibali cha Mamlaka ya hifadhi hiyo, lakini mkeka wa kubeti unavuka lango la hifadhi la Lodoare ndani ya simu bila kuulizwa? Anayeusimamia ni Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, iliyoundwa kwa sheria ya 2003.

Je, wajua faida ya kampuni ya kubeti inatoka wapi? Chukua mechi ya Simba na Yanga, magoli zaidi au pungufu ya 2.5, odi 1.85 kila upande. Watu wawili wakiweka shilingi 1,000 kila mmoja, pande tofauti, kampuni imekusanya 2,000 na italipa 1,850. Ile 150 ni yake, magoli yaingie yasiingie.

Kuna njia nyingine, soko la utabiri: humo watu wanauziana wenyewe kwa wenyewe. Shabiki ananunua ushindi wa Yanga kwa 600, asiyeamini anachukua upande wa pili kwa 400, na aliyepatia anaondoka na 1,000. Mwenye soko anakata ada yake tu. Bei ya 600 maana yake wanunuzi wanaipa Yanga nafasi ya 60%.

Mchezaji ni yuleyule na mechi ni ileile, ila Marekani sheria imeviweka vitu hivi kwenye mafungu mawili. Kubeti kunasimamiwa na kila jimbo. Masoko ya utabiri yako chini ya tume ya serikali kuu, CFTC. Kwa mwanya huo kampuni ya Kalshi ilianza mwaka 2025 kuuza mikataba ya michezo hata California na Texas, ambako kampuni za kubeti mtandaoni hazina leseni. Nevada na New Jersey ziliiamuru iache, nayo ikakimbilia mahakamani. Naona hapo aliyetangulia hakutangulia kwa ubora wa huduma. Alitangulia kufunguliwa mlango.

Kenya iliona mapema jinsi sheria inavyofunga na kufungua mlango. Julai 2019 kampuni 27 za kubeti zilinyimwa leseni mpya, na Septemba mojawapo, SportPesa, ikafunga shughuli zake nchini humo ikilalamikia ushuru wa 20% kwenye dau. Mwaka uliofuata ushuru huo ukafutwa, na SportPesa ikarudi.



Na Endulen? Polymarket, soko kubwa la utabiri, linatumia sarafu za kidijitali, ambazo Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza mwaka 2019 kuwa si fedha halali nchini. Kampuni ya kubeti yenye leseni inapokea M-Pesa kwa sekunde chache. Tena kampuni hiyo ikigoma kulipa, mchezaji anaweza kupeleka malalamiko yake kwenye Bodi; aliyetuma pesa kwa soko la ng'ambo lisilo na leseni ya hapa hana ofisi ya kubisha hodi.