Kabla Hujamtumia Mama Pasi

Umeme unaofika Mtinko, Singida, kwa nguzo za TANESCO ni wa volti 230, na hukamilisha mizunguko 50 kila sekunde, yaani hezi 50. Marekani, soketi ya kawaida ya nyumbani ina volti 120 na hezi 60. Ndugu aliyeko Muscat au London hana shida, kwani umeme wa kule unalingana na wetu, hata plagi ya pini tatu bapa ni ileile. Taabu ni kwa ndugu wa Houston anayemtumia mama pasi.

Mama atanunua adapta na plagi itaingia. Hapo ndipo wengi huponzwa, maana adapta hubadili umbo la pini tu. Volti 230 hupita kama zilivyo. Na joto la pasi hupanda kwa mraba wa volti: volti zikiongezeka mara 1.9, joto huongezeka karibu mara 3.7. Pasi ya wati 1,200 italazimishwa kutoa wati zipatazo 4,400. Pasi itaungua au breka itakata, na kama nyumba ilifungwa waya mwembamba usio na breka ya kufaa, moto unaweza kuanzia ukutani. Birika la Kariakoo likipelekwa Houston haliungui. Hutoa robo tu ya nguvu yake.

Soma kibandiko cha kifaa. Kikisema 100-240V, 50/60Hz, kama zilivyo chaja nyingi za simu na kompyuta, tuma bila hofu. Kikisema 120V peke yake, itahitajika transfoma ya kushusha volti, yenye uwezo unaozidi wati za kifaa. Kwa pasi, transfoma hiyo ni nzito na ya gharama, ilhali pasi za volti 230 zinauzwa Singida mjini. Tuma pesa.

Friji ni shauri jingine, kwa sababu transfoma haigusi hezi. Mota iliyoundwa kwa hezi 60 pekee, ikipewa 50, hupungua mwendo kwa sehemu moja kati ya sita, huvuta mkondo mwingi zaidi na kupata joto. Walioko Saudia waliangalie sana hili: volti zao ni 230 kama zetu, lakini hezi ni 60.

Halafu kuna LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla. Mteja mdogo wa nyumbani hulipa shilingi 100 kwa yuniti, kabla ya kodi, mradi wastani wake usizidi yuniti 75 kwa mwezi. Akizidi, huhamishiwa kundi la shilingi 292. Jiko la wati 2,000 likiwaka saa moja na nusu kila siku hula yuniti 90 kwa mwezi, kabla hujahesabu taa wala redio. Hata likiwa la volti sahihi kabisa, mama ataanza kulipa karibu mara tatu kwa kila yuniti, pamoja na zile za taa. Mpigie kwanza umuulize ananunua yuniti ngapi kwa mwezi.