Simba wa Tsavo Walikula Wangapi?

Mwaka 1907 J. H. Patterson alichapisha kitabu chake kuhusu simba wawili waliowala wajenzi wa reli pale Tsavo mwaka 1898. Aliandika kwamba Wahindi 28 waliuawa, pamoja na Waafrika wengi ambao hakuna aliyeweka hesabu yao. Mwaka 1925, katika kijitabu cha jumba la makumbusho la Field kule Chicago, ambalo lilikuwa limenunua ngozi za simba hao, idadi ilikuwa imepanda hadi 135. Kisha mwaka 2009 wanasayansi waliochunguza mifupa na manyoya yao wakakadiria watu 35 hivi.

Mpe msomaji prufu hodari maandishi hayo yote. Atayarudisha safi, kila mkato mahali pake, na 135 itabaki 135. Kuuliza hesabu hiyo ilitoka wapi, na mbona Waafrika hao hawakutafutwa kwa jamaa zao, ni kazi ya mhariri wa maudhui.

Huku Voi, mtu akimaliza mswada humpelekea mwalimu wa Kiswahili na kumwambia, “Nipitishie macho tu.” Mwalimu naye, kwa heshima, hupitisha macho. Anarekebisha tahajia, anatenganisha maneno yaliyoshikana, kitabu kinakwenda kwa mpiga chapa. Wasomaji wanakiacha ukurasa wa kumi.

Tuseme mstaafu wa Rukanga, kule Kasigau, anaandika habari za ukoo wake. Mwaka 1915, katikati ya Vita Vikuu vya Kwanza, Waingereza waliwahamisha watu wa Kasigau kwa nguvu hadi upande wa Malindi, wakiwashuku kuwa waliwasaidia Wajerumani. Kisa hicho peke yake kinatosha kubeba kitabu. Lakini mswada wetu unaanza na vyeti vya ualimu vya mwandishi, unapitia kila shule aliyofundisha, na uhamisho unajitokeza ukurasa wa 90, aya mbili, basi. Huyu anahitaji mtu wa kumwambia ang’oe sura nne na arudi kwa wazee kuuliza zaidi. Ni uhariri mgumu, wa ghali, na unauma. Ila akianza na lugha, atalipia kung’arishwa kwa kurasa ambazo hatimaye zitatupwa.

Muundo ukishasimama, ndipo aitwe mhariri wa lugha. Yeye ataamua kama ni Kasigau au Kasighau kitabu kizima, atavunja sentensi ndefu, atafuta yaliyorudiwa. Hapa mwandishi awe macho. Mhariri asiyejua Kidawida, lugha ya Wataita, anaweza kusafisha mazungumzo ya bibi mpaka bibi akasikika kama msoma habari wa redio. Mwambie mapema maneno gani asiyaguse, na umwombe ahariri kurasa chache kwanza, uone mkono wake.

Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taita Taveta wana mpaka mwingine. Hoja ya tasnifu ni yao na msimamizi wao; mhariri wa kulipwa akiipanga upya, tasnifu imepata mwandishi wa pili asiyetajwa. Wamwombe lugha na mpangilio wa marejeleo, wasivuke hapo.

Si kila andiko linastahili gharama zote hizi. Wasifu wa marehemu, ule unaochapwa usiku wa kuamkia mazishi, hauhitaji mtu wa kupanga upya maisha ya mzee. Unahitaji prufu, tena prufu kali: majina ya watoto wote, wake wote, wajukuu, na mwaka wa kuzaliwa usiomfanya kifungua mimba kuwa mkubwa kuliko baba yake. Asomewe shangazi kwa sauti kabla mashine haijaanza kunguruma. Jina moja likirukwa, litaulizwa pale pale kaburini, na hakuna mhariri atakayekuwepo kujibu.