Talaka Haifungi Akaunti ya Pamoja

Rafiki yangu alikuja kwangu Jumapili jioni na bahasha mbili. Ya kwanza ilikuwa na amri ya mwisho ya talaka yake. Ya pili ilitoka benki: akaunti ya pamoja waliyofungua na mumewe walipofika Uingereza ilikuwa na deni la paundi 1,150, na anayedaiwa ni yeye. "Sikugusa hata senti, dada," aliniambia, chai yake ikipoa mezani. Mtalaka wake ndiye aliyetoa pesa hizo, kwa kadi yake mwenyewe, talaka ikiwa imeshapita. Na kisheria benki haikuwa na kosa.

Hapo ndipo wengi wetu tunapoumia. Tunadhani mahakama ikivunja ndoa, basi kila kitu kimevunjika nayo. Benki haina habari na ndoa yenu. Ilipokea saini mbili, na kwa saini hizo kila mmoja alikubali kulipa deni lote, si nusu. Akaunti nyingi za mume na mke zimewekwa hivi: saini ya mmoja inatosha. Kama benki iliwapa ruhusa ya kutoa zaidi ya kilichomo, yeyote kati yenu anaweza kuitumia mpaka mwisho wake, na benki haina haja ya kuuliza nani alikula.

Urahisi huo una historia, nami naiheshimu. Mwaka 1943 Mahakama ya Rufaa ya England iliamua kesi ya Blackwell. Mke alikuwa amedunduliza paundi 100 na ushei kutoka kwenye pesa ya matumizi aliyopewa na mumewe. Majaji wakasema akiba ile ni ya mume. Yaani ubane sukari na makaa, ujinyime, halafu ulichobakiza si chako! Hadi Bunge lilipopitisha sheria mwaka 1964 ndipo akiba ya namna hiyo ikahesabiwa nusu kwa nusu, na sheria ya mwaka 1975 dhidi ya ubaguzi wa kijinsia ndiyo iliyokataza benki kumwekea mwanamke masharti isiyomwekea mwanamume. Kwa wanawake wa enzi hizo, jina lako kukaa kwenye kitabu cha hundi bila kuomba ruhusa ya mtu lilikuwa jambo kubwa. Mlango ulioachwa wazi kwa ajili yao hubaki wazi vilevile siku mnapoachana.

Kwa hiyo mkitengana tu, msingoje talaka: iarifu benki kwamba kuna mgogoro. Kwa kawaida itaizuia akaunti, au itakataa pesa isitoke bila nyote wawili kukubali. Lakini jipange kwanza, maana akaunti ikizuiwa, kodi ya nyumba na umeme navyo hukwama. Fungua akaunti yako, heri kwenye benki nyingine, uhamishie mshahara na makato ya kila mwezi. Chukua taarifa za akaunti za miezi 12, kwani mkifikishana mahakamani kugawana mali, fomu ya kutaja mali inazitaka. Fomu hiyo inataka pia mali yako popote duniani ilipo, kwa hiyo akaunti ya Nairobi na kiwanja cha Kibaha vimo. Kuvificha ni kujitafutia balaa.

Kuifunga kabisa kunataka deni liishe na, kwa benki nyingi, nyote wawili mkubali. Mmoja akigoma, hapo ni kazi ya wakili.

Halafu kuna jambo ambalo sichoki kulisema: England na Wales, amri ya talaka yenyewe haigawi pesa. Dale Vince na Kathleen Wyatt walitalikiana mwaka 1992, wakiwa hawana kitu. Baadaye Vince alitajirika kwa umeme wa upepo. Wyatt akafungua madai mwaka 2011, na mwaka 2015 Mahakama ya Juu ikasema asikilizwe. Aliishia kupata paundi 300,000. Dawa yake ni kuandikiana mlichokubaliana na kuomba mahakama iyape maafikiano hayo nguvu ya amri.

Dada zangu mliofungishwa ndoa hapa Uingereza na shehe peke yake, bila kuiandikisha serikalini, mko pabaya zaidi: sheria ya hapa haiwatambui kuwa wake, na mahakama haitawagawia mali kwa misingi ya talaka. Ndoa iliyofungwa Mombasa au Unguja kwa sheria ya huko ni habari nyingine, hiyo hutambuliwa.

Deni la rafiki yangu lililipwa nusu kwa nusu, baada ya shangazi wa mtalaka wake kupiga simu kutoka Tanga na kusema maneno ambayo sikuyasikia. Akaunti ikafungwa. Miezi michache baadaye alinyimwa simu ya mkataba, ndipo tukagundua kwamba kwenye rekodi za mikopo bado ameunganishwa na yule bwana, na madeni ya bwana yanaweza kumchafulia jina. Akaunti ya pamoja huacha kiungo hicho hata ikishafungwa, na hakiondoki mpaka uombe. Tuliketi tena jikoni, tukaandika maombi matatu: Experian, Equifax na TransUnion. Hayana malipo. Kwenye kila ombi alijaza jina alilozaliwa nalo, polepole, kwa herufi kubwa.